Mkia wa Ijumaa

Bibi yangu kule Kondoa alinifundisha mambo mawili kabla sijamaliza kung'oka meno ya utoto: kusuka mkeka, na kumpiga mjusi kafiri kwa pigo moja. Alisema mjusi huyo ndiye aliyeupuliza moto uliowashwa kumchoma Nabii Ibrahimu. Anayemuua kwa pigo la kwanza ana thawabu nyingi kuliko wa pigo la pili, na siku bora ni Ijumaa. Nikashika. Kwa miaka arobaini, Ijumaa ikipita, ukutani kwangu habaki mjusi hata wa dawa.

Sasa fikirini nilivyojisikia siku mwanangu Abbasi alipoingia kwangu hapa Dodoma, mwaka wa pili tangu reli ifike, amebeba sanduku la mbao lenye wavu upande mmoja. Ndani mlikuwa na mijusi kafiri kumi na wawili, wazima, wananikodolea macho.

"Shikamoo, mama. Naomba unilelee hawa mpaka nirudi."

"Marahaba. Nani awalee, mimi Zaitun?"

Abbasi alikuwa mtumishi wa Mdachi mmoja aliyekusanya nyoka, vyura na mijusi, akiwatia kwenye chupa za pombe kali. Mji mzima ulimwita Bwana Chupa. Safari hii alitaka mijusi hai awapeleke kwao. Kundi la kwanza alilitunza Abbasi mwenyewe, wakafa wote kwa siku nne. Kwa ajili hiyo alipigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, na makovu yalikuwa bado mabichi. Sasa Bwana Chupa alikuwa anakwenda naye Chemba kutafuta nyoka kwa wiki tano, na alikwisha kusema kwamba hawa wakifa, hamsa ishirini nyingine inamngoja.

"Mama, ya pili sitaiweza," Abbasi aliniambia, macho chini.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikalipokea sanduku, nikaliweka karibu na mlango, mbali na kitanda changu.

Niliwapa uji. Wakaupitia juu kwa miguu. Niliwapa nyama iliyokatwa vipande vidogo, wasiiguse. Niliwawekea maji kwenye kibakuli, wakakaa pembeni yake kama wageni waliosusa. Siku ya tatu ngozi zao zilikunjamana ubavuni, na mimi nilianza kuuona mgongo wa mwanangu kila nilipofumba macho.

Alasiri ya siku hiyo nilikuwa natia udhu pale mlangoni. Maji yakaruka, matone yakashika kwenye mbao za sanduku, ndani na nje. Mjusi mmoja akashuka, akatoa ulimi mwekundu, akalamba tone. Akaja wa pili. Kisha wote kumi na wawili wakawa wanalamba mbao, na aliyemaliza akajilamba jicho lake mwenyewe kwa ulimi uleule.

Niliacha udhu katikati. Ilinibidi nianze upya, maana nilikuwa nimesahau nimefika kiungo gani.

Kumbe hawajui kunywa bakulini. Wanajua tone. Kuanzia hapo nikawa natilia udhu mbele ya sanduku, mara tano kwa siku, nikiwakung'utia mikono. Makafiri wakanywa maji ya swala, na mimi nikamwomba Mungu asinihesabie.

Chakula alinifunulia jirani yangu Anyesi, mke wa Mazengo, Wagogo wenye zizi kubwa nyuma ya tembe yao. Alikuja asubuhi, "Mbukwa, mama Abbasi," akachungulia sanduku na kucheka.

"Wewe unawapa vilivyokufa," alisema. "Sisi nyumbani tunawaacha ukutani, tunawaona. Kisichotembea hawakioni."

Akanipeleka zizini. Tukatia maziwa kidogo ndani ya kibuyu, nzi wakajaa, nikaziba mdomo wa kibuyu kwa kiganja na kukimbia nacho nyumbani. Mwanamke wa umri wangu, nakimbia na kibuyu cha nzi. Nilipoufungulia ule mdomo ndani ya wavu, mijusi waliruka. Nilihesabu nzi tisa kwa mmoja tu. Halafu mvua za kwanza zikanyesha na kumbikumbi wakatoka ardhini, basi ikawa karamu. Sisi tulikaanga wetu, wao tuliwapa wenye mbawa.

Nikazoea kukaa mbele ya lile sanduku hata kazi zikilala. Nilimwona mmoja akivua ngozi yake na kuila yote, bila kubakiza. Niliona mayai mawili ndani ya tumbo la jike, kwa jinsi ngozi ilivyokuwa nyembamba. Miaka arobaini nimewaua, na sikuwahi kujua kwamba wana mayai. Nilijisikia mjinga, nasema kweli.

Ikaja Ijumaa. Nimetoka kuoga, nimejitanda kanga safi, nikainua macho na kumwona mjusi juu ya kitanda changu. Mkono haukuniuliza. Ulichukua kubazi, ukasema bismillahi, ukapiga.

Mkia ulianguka kwenye mto, ukawa unachezacheza peke yake. Mjusi akadondoka nyuma ya mtungi. Hapo ndipo nilipogeuka na kuona wavu wa sanduku umeachia pembeni, na ndani wamo kumi na mmoja.

Nilipiga magoti. Nilimtafuta nyuma ya mtungi na kumkamata kwa mkono mtupu, mara ya kwanza maishani mwangu. Alikuwa laini na wa baridi, na moyo wake ukinidunda kwenye kidole gumba. Nikalia kwa hofu. Sikujua ni hofu ya Abbasi peke yake, au na ya huyu pia.

Walirudi siku ya Jumanne. Bwana Chupa alikaa kwenye kigoda changu, akavaa miwani, akahesabu. Kumi na wawili, wanene. Abbasi akashusha pumzi. Kisha kidole cha Mdachi kikasimama.

"Huyu, mkia wake nani amekata?"

Abbasi akafungua mdomo kujitwika lawama. Nikamtangulia.

"Mimi, Bwana. Nilimpiga kwa kubazi. Kama kuna kiboko, mgongo ni huu."

Hakukasirika. Alimtoa yule mjusi, akatazama palipokatika. Kimkia kipya kilikuwa kimechipuka, kifupi, cheusi. Akakipima kwa rula.

"Siku gani ulipiga? Lazima siku yenyewe."

"Ijumaa. Mimi hupiga Ijumaa tu. Tangu siku ile zimepita Ijumaa mbili, na leo Jumanne. Siku kumi na nane."

Aliandika haraka, uso umemng'aa. Akaniambia kwamba miaka yote anaona mikia inayoota, lakini hajapata mtu wa kumpa siku kwa hakika. Kisha akaliokota kubazi langu sakafuni na kunikabidhi.

"Piga na hawa wengine. Wote. Nipime njiani. Keshokutwa napanda treni."

Abbasi alinitazama. Makovu yake yalionekana kwenye kola ya kanzu. Kubazi nililishika sawasawa, kama nilivyolishika miaka arobaini. Yule jike mwenye mayai alikuwa karibu na wavu, ananitazama, akajilamba jicho.

"Haiwezekani, Bwana," nilisema. "Leo si Ijumaa."

Alibisha, akaomba, akataka nimweleze. Nikamwambia dini ni dini, na Jumanne haina thawabu. Hilo aliliandika pia, akafunga daftari. Alhamisi akapanda treni na mijusi wake, kumi na mmoja wakiwa na mikia mizima, na Abbasi akabaki kwangu na mgongo wake.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mjusi mgeni alikuwa ukutani, juu ya mlango. Nilitia udhu, nikainua mkono, nikamkung'utia maji.