Makoti ya Kwenda Butembo

Waasi walipofunga barabara ya Rutshuru, Pascasie alikimbilia Goma na wanawe wawili, cherehani yake ameifunga mgongoni kama mtoto mchanga. Mama yake, Mukabalisa, alikuwa ameenda msibani upande wa pili wa mapigano, akajikuta anafuata msafara wa wakimbizi kuelekea kaskazini hadi Butembo. Tangu hapo mtu na mama yake walionana kwa sauti tu, kwenye simu.

Pascasie alipata kibaraza cha kushonea Katindo, karibu na kambi ya jeshi. Alikuwa mtu wa kuuliza. Ukimpelekea suruali ya kupunguza, hukuondoka pale kabla hujamweleza unakwenda wapi nayo na kwa nini. Kwa hiyo Mama Apolline, muuza vitenge mwenyeji wa Butembo, alipokuja kuagiza koti refu lenye mifuko ndani, nje, mgongoni na hadi kwenye mikono, fundi hakugusa mkasi.

"Koti hili ni la kufanyia nini, mama?"

Apolline akamweleza. Kampuni mpya iitwayo Kipepeo ilikuwa imeleta ndege ndogo ya kwenda Butembo. Bei ya kiti chake ilikaribia nauli ya basi la enzi zile barabara ilipokuwa nzima, ilhali ndege nyingine zilidai mara tatu ya hapo. Lakini ukishashika tikiti, mengine yote yalikuwa na bei yake: mzigo kwa kilo, kibegi cha mkononi, kuchagua pa kukaa, kubadilisha siku. Kitu pekee ambacho hakikupimwa ni mtu mwenyewe na nguo alizovaa.

Koti likashonwa. Apolline akaondoka mnene kama gunia la makaa, akarudi na umbo lake la kawaida na faida mkononi. Habari ikaenea sokoni, na baada ya muda mfupi Pascasie alikuwa hashoni kitu kingine.

Kilichomsumbua hakikuwa makoti bali ile bei. Inawezekanaje kumrusha mtu juu ya vita kwa nauli ya basi? Aliuliza kila aliyekuja kupimwa. Mmoja alisema mwenye ndege ni mkubwa fulani anayeficha fedha zake. Mwingine alisema ndege ni kuukuu, imenunuliwa kwa bei ya mabati. Wa tatu alidai ni mtego, bei itapanda watu wakishazoea. Pascasie alisikiliza wote, lakini hakuna aliyemridhisha.

Jibu lilikuja lenyewe na shati jeupe lenye kipepeo kifuani. Lilikuwa la Evariste, aliyesimamia ofisi ya kampuni kule Himbi. Pascasie alidhani ameleta polisi. Mgeni akachukua koti lililotundikwa, akaingiza mkono mfuko mmoja baada ya mwingine, na kila mfuko ulivyozidi kwenda chini ndivyo tabasamu lake lilivyopanuka. Kwa kuwa hakuonyesha hasira, Pascasie akamtupia swali lake.

"Papa, munapata faida wapi?"

Evariste akamwambia kwamba kiti kitupu hakiingizi kitu, na ndege inakunywa mafuta yaleyale hata ikiwa nusu tupu. Bei ndogo inawaita watu mpaka viti vijae. Faida yenyewe inatoka kwenye mizigo.

"Kumbe munauza kilo," Pascasie akasema. "Mutu munamuita tu ili alete muzigo wake."

Evariste alikubali. Shida, akasema, ni kwamba sasa kilo zilikuwa zinapanda bila kulipa, zikitokea kwenye kibaraza hiki, na rubani analalamika kuwa ndege inaruka kwa taabu. Akamwomba aache. Pascasie alimwelewa vizuri, lakini watoto wake walikula kwa makoti yale. Alisema atafikiri, na jioni ileile akakata kitambaa cha koti jingine.

Hilo lilikuwa lake mwenyewe. Alikuwa amekusanya nauli ya kwenda kumwona mama yake, na mifukoni alitia sabuni, sukari, kitenge na dawa za presha. Alipofika uwanjani alikuta nusu ya abiria wamevaa kazi ya mikono yake. Kwanza alifurahi. Walipoketi ndani, mabega yamebanana na jasho likiwatiririka, akaanza kukumbuka kila koti na kina cha mifuko yake, na furaha ikamtoka.

Rubani, Guylain, aligeuka akawatazama kwa muda mrefu, kisha akazima injini. Alisema kwa upole kwamba hivi haondoki. Evariste akaitwa, akaomba makoti yashushwe. Hakuna aliyejigusa. Apolline alijibu kwamba wamelipa viti vyao na hakuna mahali kwenye tikiti palipokataza nguo. Hapo alisema kweli.

Pascasie akasimama.

"Haya makoti nimeyashona mimi," alisema. "Najua kinachoingia humo. Mimi navua."

Alichomoa dawa za mama yake, mengine akayaacha. Mwanaume wa nyuma akavua, na wengine wakafuata wakinung'unika. Apolline alivua wa mwisho, bila kumtazama. Ndege ikaruka.

Mukabalisa alimpokea bintiye aliyeshika dawa tu, wakalia, kisha aliposikia habari ya makoti akacheka hadi akashika mbavu. Akataka kurudi naye Goma. Yeye alikimbia na nguo ya mwilini, hakuwa hata na mfuko wa plastiki. Walipotua Goma, Evariste alimtazama mama huyo akipita mikono ikining'inia.

"Wa namna hii hatuingizii hata senti," alimwambia Pascasie. "Lakini katika wote ndiye pekee aliyesafiri kwa bei tuliyoitangaza."

Kampuni ikaweka mizani ya kupima watu na nguo zao. Wafanyabiashara waliona aibu kusimamishwa juu yake kama mbuzi mbele ya wenzao. Ndege nyingine zikashusha nauli kidogo na kuruhusu begi moja bure. Watu wakapiga hesabu, wakahama. Kisha ndege ya Kipepeo ikaharibika kifaa, na kwa kuwa ilikuwa hiyo moja tu, kila siku iliyolala uwanjani ilikula akiba. Haikuruka tena.

Evariste alipita Katindo kuaga. Pascasie, ambaye sasa alishona sare za shule, alimuuliza bila kuzunguka kama makoti ndiyo yaliyoiua kampuni. Evariste alitikisa kichwa.

"Watu hawachukii kulipa, mama. Wanachukia kuambiwa wamemaliza kulipa, kisha wanaombwa tena wakifika mlangoni."

Mukabalisa alikuwa ameketi hapo akichambua maharage. Aliinua uso.

"Na hawa wengine wa bei kali," aliuliza, "mbona wao kuna wanaofilisika pia?"

Evariste alitazama saa yake, akamtazama mama yule, kisha akavuta kigoda, akaketi.