Mkunga Juu ya Mawe Meupe

Shemeji yangu, mume wa dada, alichagua mawe ya tangi la samaki kwa kuyalinganisha na mapazia ya sebuleni. Yalikuwa meupe, yenye ncha kali. Juu yake akamtia mkunga wa maji baridi, samaki mwembamba kama mkanda, mwenye miiba midogo mgongoni, ambaye kwa maumbile hujizika mchangani na kuacha pua tu nje. Dukani alielezwa hayo yote. Alichosikia ni rangi.

Mkunga alijaribu kujizika kwenye mawe hadi ngozi ikachubuka, kisha ikaota ukungu kama pamba. Dada, aliyezoea kumlisha minyoo mkononi, aliniita nimtazame.

“Bila mchanga laini atakufa,” nilisema.

“Umeanza mihadhara, shemeji,” mumewe alijibu kutoka kwenye kochi. “Huyo mvivu tu. Mchanga utachafua tangi, wageni waone nini?”

“Wataona maiti.”

“Basi wataiona kwenye mawe safi.” Alicheka peke yake.

Dada alikwenda uani. Alileta beseni la kufulia lenye mchanga aliokuwa ameuosha tangu asubuhi, akalijaza maji ya tangi, akamhamisha mkunga kwa kikombe. Mkunga akazama mchangani papo hapo, ikabaki pua.

Shemeji aliinuka, akachungulia. “Sasa haonekani. Faida yake nini?”

“Naye hakuoni wewe,” dada alisema, akafunika beseni kwa wavu na kulipeleka chumbani kwake.