Dakika Arobaini za Jepleting

Mimi ni mtu wa haraka, na haraka yangu ndiyo iliyomponza Jepleting.

Nilimtembelea kwake Keringet kwa utafiti wangu wa uzamifu kuhusu akina mama waliopoteza watoto wakijifungua zahanatini. Yeye alikuwa ameiandikia kamati ya afya barua kumshtaki mkunga aliyemzalisha usiku mtoto wake alipofariki. Kwetu, mama aliyefiwa na mtoto hahojiwi, unaketi naye tu. Basi niliketi. Tulikunywa chai, mvua ikapiga mabati, akalia kidogo, akanyamaza. Simu yangu ilikuwa mezani ikirekodi, nikaona aibu kunyoosha mkono kuizima. Dakika arobaini.

Nilirudi chuoni Njoro na rekodi ishirini na mbili. Jarida la kitaaluma lilitaka makala yangu kufikia Ijumaa, na bila makala hiyo sihitimu. Nikaziingiza zote kwenye programu ya akili unde izigeuze maandishi. Za kwanza nilizikagua, zilikuwa sawa, nikaridhika. Ile ya Jepleting ilitoka na ukurasa mzima. “Nimemsamehe mkunga,” yalisema maandishi. “Yalikuwa mapenzi ya Mungu.” Nikajidanganya kwamba labda aliongea nikasahau. Uongo mtupu! Nilijua hakutamka neno. Lakini maneno yalikuwa matamu, yakaingia kwenye makala.

Ilichapishwa Mei. Daktari Shariff, msimamizi wangu, alinisifu mbele ya wenzangu hadi nikavimba kichwa.

Julai, Jepleting alikuja chuoni na barua ya kamati. Malalamiko yalikuwa yamefungwa, kwa kuwa mlalamishi alikiri katika utafiti kwamba amesamehe. Jina nilikuwa nimelificha, lakini Keringet nzima mama aliyeshtaki alikuwa mmoja.

“Mwalimu, mimi nilisema hii kitu lini?”

Nikamweleza jinsi programu ilivyojaza pale aliponyamaza.

“Kwa hivyo ni mashini imemsamehe?”

“Ndiyo, mama. Na mimi nikaandika.”

“Na ulikuwa pale,” alisema. “Uliniona.”

Nilitamani ardhi inimeze.

Nilimwendea Daktari Shariff. “Cheruto, wacha drama,” akasema. “Ongeza tu statement hapo chini, useme ulitumia AI kurekebisha lugha. Kila mtu anafanya hivyo.”

Sikuongeza chochote chini. Niliwaandikia wahariri ukweli wote, makala ikaondolewa, na shahada yangu ikaenda nayo. Sijionei huruma. Nilitoa nakala ya barua yao ya kuiondoa, nikaipeleka kwa kamati mwenyewe. Karani aliisoma mara mbili, akasema faili inaweza kufunguliwa upya, ila barua haziaminiki tena. Mlalamishi aje mwenyewe, asimame mbele ya kamati, aeleze kwa mdomo wake yote yaliyotokea usiku ule.

Nikampigia Jepleting simu, nikiwa karibu kufurahi.

Nilimsikia akivuta kiti, akaketi.

“Siwezi, mwalimu,” alisema. “Ningeweza kuongea, si ningekuambia wewe?”