Kibali cha Siku Nne

Kibali changu cha kwanza cha mazingira kilinitoa jasho miezi kumi na minne. Mkaguzi alikuja mara tatu kuchungulia shimo la maji machafu ya sabuni ninayotengeneza, na kila mara aliomba glasi ya maji ya kisima chetu, akainywa yote kabla ya kuandika neno. Nilimwona mtu wa visa tu.

Mwaka huu wakaleta utaratibu mpya, kila kitu kwenye simu. Binti yangu alinijazia fomu huku akimnyonyesha mwanawe, mimi nakoroga sabuni na kumjibu juu juu. Siku nne, kibali kikaingia. Nikafurahi kama mjinga.

Wiki ya tatu, malori yakaanza kushusha betri mbovu za magari kwenye kiwanja cha jirani. Wanaziyeyusha kutoa madini ya risasi yenye sumu, hatua arobaini kutoka kisima ambacho maji yake binti yangu anakunywa na mjukuu wangu anaogeshwa. Jirani akanionyesha kibali chake, halali, cha siku tano. "Siku hizi mambo rahisi, shangazi," akasema, akitabasamu. Tabasamu lile sikulipenda hata kidogo. Hapa kuna mkono wa mtu, nikasema moyoni.

Nikajaza maji ya kisima kwenye chupa, nikaenda nayo ofisini, nikaitua mezani kwa karani.

"Kunywa," nikamwambia. "Halafu uniambie ni nani kala rushwa hapa."

"Hakuna aliyekula, mama. Mfumo ukiona hakuna kisima karibu, hautumi mkaguzi."

"Na nani kauambia hakuna kisima? Nitajie huyo mwongo."

Akanigeuzia kompyuta, nikaona maombi ya jirani yangu. Swali la saba: kuna kisima ndani ya mita mia? Hapana. Chanzo cha taarifa: maombi ya kiwanja jirani, yaliyopokelewa mwezi uliopita. Chini yake palikuwa na namba ya simu. Nilianza kuisoma kwa sauti ili ofisi nzima isikie. Nilipofika katikati, nikaacha. Namba ilikuwa yangu.

Nikakumbuka vizuri sana. Binti yangu aliuliza, "Mama, kisima nikiweke?" Nami, mwiko mkononi, nikamjibu, "Ukikiweka watatuletea yule mnywa maji. Andika hapana, tumalize."

Karani akasema, "Tukirekebisha, vibali vyote viwili vinasimamishwa. Na chako pia, mama. Utamsubiri mkaguzi, na siwezi kukuambia hadi lini."

Sabuni ndiyo inayotulisha. Nikaitazama ile chupa. Maji yalikuwa safi kabisa kwa macho, na karani hakuwa ameigusa.

"Rekebisha," nikasema.

Nikatoka nje, nikampigia binti yangu simu, nikamwambia ayamwage maji ya kumwogeshea mtoto.

"Nimeshamwogesha, mama," akasema. "Amelala."