Kontena Lililogeuziwa Mgongo

Katika banda la kufungashia minofu ya samaki, marehemu aliitwa Jicho na kila mtu, hata tajiri mwenye banda. Si kwa uzuri wa macho, la hasha. Kazi yake ilikuwa kutazama. Tangu boksi la kwanza liingie kwenye kontena la ndege mpaka mlango ubanwe lakiri yenye namba, hakuligeuzia kontena hilo mgongo. Akipiga chafya akainama, yote yanatolewa, yanaanza upya, na wapakiaji wanune wapendavyo. Ndilo sharti: kontena lililolindwa hivyo, likifika uwanjani na hati iliyosainiwa na mlinzi mwenye cheti, halifunguliwi wala halingoji mbwa wa kunusa mabomu. Linapanda ndege na ubaridi wake. Lisilolindwa hufunguliwa hapo hapo, na samaki hana subira.

Jicho alipofariki ghafla, kiti alikikalia binti wa kaka yake, ambaye marehemu mwenyewe alimbandika jina la Chiriku kwa kutofunga mdomo. Chiriku alishafanya mtihani wa cheti, majibu bado. Siku alipofungua droo ya shangazi yake alikuta bunda la hati, hazina tarehe, hazina namba, lakini zote zimesainiwa. Kumbe aliyewatoa watu jasho kwa chafya moja alikuwa akisaini hati kabla hata ya kutazama! Tajiri alicheka, akasema marehemu kawaachia urithi, zitumike mpaka cheti kitoke. Bila hati, kibali cha banda kingesimama, na watu arobaini wangerudi makwao mikono mitupu.

Zikatumika. Jambo moja tu Chiriku hakumwambia mtu, yeye asiyeficha neno: kila alipoishika hati, wino wa saini ulimwachia weusi kidoleni, kama iliyosainiwa sasa hivi.

Wiki ya sita, asubuhi, dereva wa lori aliingia na habari za mlinzi wa geti, ambaye wake zake wawili walikuwa wamekutana saluni na kutambuana kwa picha ya bwana kwenye simu. Chiriku aligeuka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alipotazama tena, mlango wa kontena ulikuwa umefungwa. Wapakiaji walikuwa nje wanakunywa chai, kila mmoja akaapa hajaugusa. Kisha ndani pakagongwa mara tatu, polepole, kama mtu mzima anayebisha hodi asiye na haraka.

Dereva alisema ni barafu inajipanga, na ndege haimngoji mtu. Chiriku akafunga lakiri. Akajaza tarehe na namba ya lakiri kwenye hati. Kidole kikawa cheusi.

Njia nzima alikuwa akijifuta kidole, mpaka dereva akamuuliza kama leo kameza jiwe.

Mkaguzi wa uwanjani alikuwa mzee mtaratibu, mgeni wa miezi michache. Hakuwahi kumwona Jicho, alimjua kwa saini tu. Alilinganisha namba ya lakiri na ya kwenye hati, akatabasamu.

"Saini hii nikiiona moyo unatulia," alisema. "Mfikishie salamu zangu huyo mama."

Mhuri ulikuwa tayari mkononi. Chiriku aliutazama ukishuka.

"Ametangulia, baba. Wiki ya sita sasa."

Mhuri ukasita. Mkaguzi akaisoma tarehe, ya leo, kisha akamtazama msichana.

"Nani alililinda hili?"

"Mimi. Na nililigeuzia mgongo. Fungua."

Simu ya Chiriku ikaanza kulia. Tajiri, bila shaka, dereva alishamtonya. Hakuipokea. Walivunja lakiri, wakatoa maboksi mia na ishirini, moja baada ya jingine, maji ya barafu yakitiririka sakafuni. Samaki tu, hakuna kingine. Ndege ikaondoka bila mzigo huo. Dereva alisonya, akasema ona sasa, unga wa watu arobaini umemwagwa kwa ajili ya mdomo wa mtu mmoja.

Chiriku aliketi, akidhani yamekwisha. Mkaguzi akaenda kabatini, akarudi na faili. Alizipanga hati mezani moja moja, saini ile ile, mkono ule ule. Ishirini na mbili, zote za baada ya mazishi.

"Makontena haya yalishapaa, mwanangu," alisema kwa upole. "Yalishatua, yalishapokelewa na watu wanaokuamini. Lazima niwaandikie. Tuanze na hili la kwanza. Ulilitazama mwanzo mpaka mwisho?"

Chiriku aliikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa ya kwanza baada ya kuzika. Wanawake wa bandani walimzunguka kumpa pole, naye akalia, akahadithia, akacheka kidogo, akalia tena. Wote walikuwa mbele yake. Kontena lilikuwa wapi?

"Sijui," alisema.

Mkaguzi akaandika, akasogeza hati ya pili.