Taa Iliyomchoma Popo Macho

Teksi ilikuwa moja, ndugu wawili. Dada mkubwa aliiendesha mchana, na mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Popo, aliiendesha usiku. Siku hiyo kibali kilikuwa kinakwisha, na mkaguzi wa magari angefunga lango saa sita mchana. Bila stika mpya ya kibali, gari lingelala, na wao wangelala njaa.

Kilichobaki kutengenezwa ni kijitaa kimoja tu kwenye dashibodi, cha swichi ya taa za ukungu. Taa zenyewe mbele ziliwaka vizuri. Kijitaa kiligoma katakata.

Dada hakuwa mgeni wa nyaya. Kabla ya teksi alikuwa fundi umeme wa magari. Akapima fyuzi: nzima. Akachomoa swichi, akagusa waya kwa testa: umeme upo. Akaweka balbu mpya, akairudisha swichi, akabonyeza. Giza totoro! Muda ulikuwa unayoyoma, lakini utamu wa zamani wa kuwinda hitilafu ulikuwa umeshampanda kichwani, akajikuta anapiga mluzi.

Akaichomoa tena swichi pamoja na nyaya zake, bila kuzima, akachungulia kwa nyuma. Balbu ilikuwa inawaka kama kawaida!

"Ahaa! Kumbe mwanga upo, njia ndiyo hamna!"

Akakwaruza uso wa swichi kwa ukucha. Ganda jeusi likabanduka. Rangi ya kucha.

Akatimua mbio hadi chumbani. Popo alikuwa amelala fofofo, mkono nje ya shuka, kucha nyeusi tii.

"We Popo! Umepaka swichi rangi?"

"Kile kitaa kinanichoma macho usiku, dada."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie saa ngapi? Nikiingia, unatoka. Tunapeana funguo mlangoni, basi."

Tangu wanunue gari lile hawajawahi kukaa chini wakanywa hata chai pamoja, na hilo lilimuuma dada kuliko alivyotarajia.

"Vaa viatu. Tunakwenda wote."

"Nina usingizi, jamani!"

"Utalala njiani."

Popo hakulala ng'o. Walipiga soga na kucheka mpaka langoni, dakika chache kabla halijafungwa. Mkaguzi akabonyeza swichi, kijitaa kikawaka, akabandika stika.

"Dereva ni nani hapa?"

"Mimi," wakajibu kwa pamoja.

Walipotoka tu, abiria akawapungia mkono kando ya barabara. Dada akapunguza mwendo, akashusha kioo.

"Samahani, ndugu yangu," akasema. "Limejaa."