Vyeti Kumi na Viwili vya Waridi

Dodoma nzima hapakuwa na mwanamke aliyejua kununua kama Waridi mke wa Rajabu, na mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi. Reli ya Wadachi ilikuwa na mwaka wa tatu tangu ifike, na maduka ya mabati yalikuwa yameota karibu na stesheni, moja likimtazama mwenzake. Waridi aliyafahamu yote. Alijua ni duka gani hupima kibaba huku kidole kimo ndani ya kopo, na ni lipi hunyunyizia chumvi maji ili iwe nzito. Alijua kiberiti kilichopata unyevu huuzwa nusu ya bei, na kwamba ukikianika asubuhi mbili kinawaka vizuri tu. Mchele wa chenga, sabuni iliyovunjika, shuka yenye doa la mafuta pembeni, vyote alivipata yeye kabla ya mtu mwingine. Majirani zake wa Chang'ombe walimcheka kwa ubahili, kisha wakamfuata nyuma kimyakimya waone leo anaingia duka gani.

Aliyekuja na habari ya vyeti alikuwa Mustapha, mtu wa Bagamoyo, mwenye duka kubwa kuliko yote. Kila uliponunua kitu cha maana alikupa kikaratasi chenye muhuri wake wa wino wa zambarau. Wanaume wengi walivisokotea tumbaku. Waridi aliviokota mchangani mbele ya duka, akavipangusa, akavifunga pamoja na vyake katika pindo la kanga. Watu walidhani amepungukiwa na akili, mpaka Mustapha alipotangaza masharti: siku treni ya mizigo itakapoleta nafaka, bei itashuka kwa siku moja, na mwenye vyeti kumi na viwili atalipia gunia moja la mtama abebe mawili. Waridi alikuwa navyo kumi na viwili kamili. Siku iliyotajwa ilikuwa Jumamosi.

Na ulikuwa mwaka wa njaa. Mvua ilikuwa imenyesha mara mbili, ikakata, na uwele ulikauka ukiwa haujafika magotini. Mjini watu walilalamika juu ya bei. Huko mashambani hawakuwa na cha kulalamikia, maana ghala zilikuwa zimefagiliwa.

Jumatatu ya wiki ile alikuja Zipora, dada yake Waridi, baba mmoja mama mmoja. Wamisheni walimbatiza Zipora mwaka uleule Waridi aliposilimu ili aolewe na Rajabu, na jambo hilo halikuwahi kuwagombanisha. Zipora alikuwa ametembea tangu alfajiri kutoka Mkonze. Alipofika mlangoni alitua kapu lake chini, akaliacha hapohapo kizingitini, ndipo akaingia.

Waridi aliliona kapu, akaelewa. Kwa watu wao mwenye njaa hasemi njaa. Huja kusalimia, akaweka kapu mlangoni, akaongea habari za ng'ombe na za wagonjwa, na wakati wa kuondoka mwenye nyumba humkabidhi kapu likiwa na nafaka, hata kama ni konzi mbili. Likirudi bila nafaka, mtu amekwisha jibiwa, wala haji kuuliza tena. Waridi alikuwa amelelewa na desturi hiyo, na miaka tisa ya mjini haikuwa imemsahaulisha. Hilo ndilo lililomnyima kisingizio baadaye.

"Mbukwa, mdogo wangu," alisema Zipora.

"Mbukwa, dada. Pole na njia. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Alikuwa amekonda, na kanga aliyoifunga kifuani ilikuwa imezunguka mara mbili. Waridi alimpa maji. Wakaongea habari za shangazi mmoja mwenye macho mabovu, na za mbuzi waliokufa. Kisha Zipora, bila kuinua sauti, akasema, "Kuna mtu wa Kondoa amefikia kwetu. Ana punda wanne na mtama. Amemwulizia Ruthu."

"Ruthu? Mtoto yule?"

"Ana miaka kumi na mitatu. Baba yake anasema si mtoto tena."

"Anatoa ng'ombe wangapi?"

Zipora alitazama mikono yake. "Ng'ombe gani, mwaka huu? Anatoa mtama. Anangoja jibu letu."

Waridi alihisi haya kwa niaba ya dada yake. Msichana wa Kigogo huolewa kwa ng'ombe, na ng'ombe hao huhesabiwa mbele ya ukoo mzima. Kuolewa kwa mtama ni kama kubadilishwa sokoni. Naye Ruthu, binti wa Zipora, alikuwa mtoto wa aina yake. Alikuwa akisoma kwa wamisheni, na alipokuja mjini alisoma kwa sauti maandishi yote ya stesheni, mpaka yale yaliyokataza watu kutema mate. Waridi, ambaye hakujaliwa kuzaa, alimpenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya mama yake.

Mtungini mlikuwa na mtama wa pishi tatu hivi. Katika pindo la kanga, pamoja na vile vyeti, mlikuwa na rupia za kununulia gunia. Angeweza kutoka saa ileile akanunua kwa bei ya siku, ambayo ilikuwa juu kweli, na Zipora akarudi na mzigo kichwani. Lakini akili yake ilikuwa imekwisha kukimbilia Jumamosi. Akinunua leo, rupia zote zitakwenda kwa gunia moja lisilojaa vizuri, na vyeti vitabaki karatasi tupu. Akingoja siku tano, atabeba magunia mawili, na moja zima atampelekea dada yake. Hakuwa akimnyima. Alitaka kumpa kingi, na alitaka pia, tuseme ukweli, kuonekana akikitoa hicho kingi. Alijiona tayari akiingia Mkonze na punda, na watu wakichungulia. Kuhusu mtu wa Kondoa, aliona kwamba aliyekwisha kungoja siku mbili tatu hashindwi kungoja tano.

Adhuhuri Rajabu alirudi kutoka relini, akamwamkia shemeji yake, akaliona kapu. Alimwita mkewe uani.

"Mpe huo wa mtungini," alisema. "Sisi tutajua la kufanya."

"Nikimpa pishi tatu leo, keshokutwa zimekwisha. Jumamosi nampa gunia zima. Lipi bora?"

"Mimi hesabu zako siziwezi. Ila dada yako amekuja na njaa ya leo, hakuja na njaa ya Jumamosi."

"Wewe ungefungua duka, mume wangu, lingefungwa kabla ya adhuhuri," Waridi alimjibu akicheka. Rajabu naye alicheka, kwa kuwa alimpenda mkewe na alikuwa amezoea kushindwa. Laiti siku ile angekuwa mkali, Waridi alisema miaka mingi baadaye. Lakini ukali haukuwa tabia yake.

Jua lilipoanza kupinda Zipora aliaga. Waridi hakutaka kulirudisha kapu likiwa tupu kabisa. Alitia ndani yake kipande cha sabuni na fungu la chumvi, chumvi nzuri ya dukani aliyoinunua kwa bei ya kutupa. Alimtilia chumvi mtu wa Ugogo, ambako watu huichota wenyewe mbugani Bahi. Aliona vibaya hata wakati anaifunga, lakini mikono yake iliendelea kufunga.

"Jumamosi, dada," alisema, akamshika bega. "Jumamosi nitakuja mwenyewe na gunia zima. Mwambie shemeji. Mwambie na Ruthu."

Zipora alilinyanyua kapu, akalipima uzito bila kukusudia, kama wafanyavyo wanawake wote. "Nitawaambia," alisema. "Asante, mdogo wangu."

Siku zilizofuata Waridi hakuwa na raha. Jumanne alitaka kutuma mtama na mtu yeyote anayekwenda upande wa Mkonze, ila waliokuwa wakienda hakuwaamini. Jumatano alifika hadi dukani kwa Mustapha kuuliza bei, akaona haijashuka hata kidogo, akarudi na rupia zake. Alijiambia kwamba zimebaki siku tatu tu na kwamba ni upumbavu mtu kushindwa karibu na mwisho.

Jumamosi treni ilifika, na Mustapha alikuwa mkweli kwa neno lake. Watu walijaa mpaka barabarani. Waridi alikuwa wa nne kwenye mstari, kwa sababu alikuwa amekuja na mkeka wake kabla jogoo hajawika. Alipovitandaza vyeti vyake kwenye meza, kimoja kimoja, Mustapha alivigeuza juu na chini na kutikisa kichwa.

"Bibi Waridi, nyumba kumi kama yako nafunga duka narudi kwetu pwani."

"Usirudi kabla hujanipimia," alisema Waridi, na wote walioko nyuma yake wakacheka. Alilipia gunia moja, akapewa mawili. Yalikuwa yamejaa vizuri, mtama mweupe usio na wadudu. Saa ile alikuwa na furaha kama siku ya Idi, na furaha hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi alipokuja kuikumbuka. Gunia moja lilikwenda nyumbani. La pili alilipakia juu ya punda wa kukodi, baada ya kubishana na mwenye punda mpaka akapunguziwa, akashika njia ya Mkonze.

Alifika alasiri. Kwenye tembe la Zipora moshi ulikuwa unafuka, na harufu ya ugali ilimpokea kabla hajafika uani. Alifurahi kwanza. Kisha akajiuliza ni ugali wa nini. Matonya, shemeji yake, alitoka akamsaidia kushusha gunia. Lilipowekwa ndani penye giza, macho ya Waridi yalizoea, akaona magunia mawili yamekwisha kuegemezwa ukutani, moja limefunguliwa. Zipora alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe, anasaga.

"Ruthu yuko wapi?" aliuliza Waridi.

Zipora aliendelea kusaga.

"Ameondoka Alhamisi," alisema Matonya. "Yule mtu asingeweza kungoja zaidi. Punda wake walikuwa hawana malisho hapa."

Waridi alikaa chini kwenye udongo. "Nilisema nitakuja. Nilimwambia dada nitakuja Jumamosi."

"Alinieleza maneno yako yote, nayo yalikuwa mazuri." Matonya hakuwa na hasira, na Waridi angeshukuru kama angekuwa nayo. "Lakini kapu nililifunua mwenyewe, shemeji. Nilikuta chumvi. Mimi ni mtu wa hapa na wewe ni mtu wa hapa. Nikajua umetujibu."

"Sikuwajibu hivyo. Nilikuwa nangoja bei ishuke."

"Ikashuka?"

"Ilishuka."

"Vizuri," alisema Matonya.

Waridi alianza kuongea haraka. Warudishe. Wapakie haya mawili pamoja na hili lake, na jingine liko nyumbani, na Rajabu atapata ruhusa kazini, watawakuta njiani kabla hawajafika Kondoa. Matonya alimwacha aseme mpaka akachoka. Kisha akamweleza kwa upole kwamba sehemu ya mtama ule imekwisha kuliwa na wazee walioshuhudia, na kwamba nafaka ya binti ikishaingia tumboni mwa ukoo hairudishwi. Ndugu zake wangemwona ni mtu wa kuuza mara mbili. Waridi alijua kwamba anasema kweli. Aliinama akalia, tena kwa sauti, akimwomba dada yake msamaha, na Zipora aliliacha jiwe akaja kumshika mkono, lakini hakusema kwamba amemsamehe.

Walimpa ugali na mlenda. Alikula, kwa sababu kukataa kungekuwa kosa jingine juu ya lile la kwanza.

Jua lilipokuwa linateremka Zipora alimsindikiza, kama ilivyo ada, mpaka pale njia inapokutana na korongo. Punda alitangulia na kamba yake, hana mzigo. Waridi aliuliza kama Ruthu alilia.

"Hapana," alisema Zipora. "Alikuwa akikutazamia wewe. Nilimpa maneno yako kama ulivyonituma. Asubuhi ile wakati wanafunga mizigo alikuwa akitazama njia ya mjini. Wamisheni wamemfundisha siku, unajua, anazihesabu mbele na nyuma." Alisimama, akaweka sawa kanga yake. "Akaniuliza, 'Mama, leo si Alhamisi? Kwa hiyo Jumamosi ya mama mdogo ni keshokutwa?'"

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ndiyo, ni keshokutwa. Ndipo baba yake akamwita."